Hesabu ya Mato Mawili

Ilikuwa saa saba usiku, Mkomani, mtaa wa Amu (Lamu), chumba cha ndani. Shughuli imekwisha, taarabu imezimwa, wageni wamekwenda zao. Mimi nilikuwa mkekani nikisubiri kulipwa, maana mchora hina akiondoka bila kulipwa usiku ule, hulipwa mwezi mwingine.

Binti mpambaji akamwinamia bibi harusi, akamvuta ukope wa chini kwa kidole cha kati, akaitoa lenzi ya kijivu kama mtu anayebandua gamba la samaki. Ya pili ikafuata. Akazitia kwenye kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, akazisukasuka, akazirudisha kwenye kikopo chake kidogo. Aliponiona namtazama akacheka. "Hizi zina kazi tena wiki ijayo, dada. Kuna harusi Langoni."

Nilitaka kumwambia, mwanangu, hiyo haifai. Neno likanifika mdomoni. Kisha nikakumbuka kilichokuwa machoni mwangu mimi mwenyewe: lenzi za mwezi mmoja, zikiingia mwezi wa nne.

Nikalimeza.

Wiki nne zikapita, neno lenyewe likiwa limenikwama kooni, kabla sijalitoa. Ndiyo sababu naandika.

## Ukungu

Kwa asiyevaa ninja ya kufunika uso na miwani pamoja, nieleze kidogo. Pumzi hupanda juu, vioo hushika ukungu, na kwa muda wa hatua tano dunia yote huwa maziwa. Katika vichochoro vya Amu, hatua tano ni nyingi. Nimewahi kumsalimu punda. Nilimsalimu kwa adabu, nikangoja anijibu.

Kazi yangu nayo haisaidii. Joto la Machi, kaskazi ikiwa imeshachoka, jasho hushuka puani na miwani huteleza nalo. Mara moja ilidondoka juu ya mguu wa bibi harusi, ikaburuta ua zima la kifundoni. Nililifuta, lakini hina si chaki. Ilibidi nilizungushie majani ambayo hakuyaomba, na shangazi yake akayahesabu.

Utaniuliza: si uvue miwani tu? Asiyeona mbali huona karibu. Kweli, ila karibu kwenyewe ni wapi? Namba ya miwani yangu ni −4.50 kulia na −5.25 kushoto. Gawa 100 kwa namba yako, utapata sentimita ambazo jicho tupu linaona sawasawa. Mimi ni kama 22 kulia na 19 kushoto. Yaani nipake hina pua ikiwa kwenye vidole vya miguu vya mwenyewe, saa nne au tano, mgongo umekunjika kama ndoana. Nilifanya hivyo miaka. Mgongo ndio uliolipa.

Basi nikaamua lenzi.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kubana matumizi, niliamua lenzi za bei rahisi.

## "Namba ngapi?"

Muuzaji wa kwanza nilimpata kwa simu. Aliniuliza swali moja tu: namba ngapi? Nikamsomea namba za miwani yangu, nikatuma pesa, siku tatu baadaye kifurushi kikafika Mokowe kwa basi. Maboksi mawili, kila moja lenzi 6, shilingi 5,100 kwa boksi. Mawili kwa sababu mato yangu, ndivyo tuitavyo macho kwa Kiamu, hayalingani. Anayelingana namba hununua moja akagawa. Hilo pekee sikuwa nimelipigia hesabu.

Nilijisifu sana. Nilikuwa nimekwepa nauli ya Mombasa na ada ya kupimwa, shilingi 2,000.

Lenzi ya kulia ilikuwa inaogelea. Kila nikipepesa jicho inapanda, inashuka, ua la hina linatoka ukungu na kurudi. Ya kushoto ilitulia kidogo, ila ukingo wake niliuhisi kutwa, kama unywele. Nikavumilia. Sisi tumelelewa hivyo, kitu kilicholipiwa huvumiliwa.

Baadaye sana nilifahamu kwamba namba ya miwani si namba ya lenzi. Miwani hukaa mbele ya jicho, kiasi cha milimita 12. Lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe. Namba ikiwa ndogo tofauti haipo, lakini kuanzia 4 hivi huanza kuonekana: −4.50 yangu ya miwani ni −4.25 ya lenzi, na −5.25 ni −5.00. Robo hiyo pengine ningeishi nayo. Lililonishinda ni mkunjo. Jicho lina mkunjo wake, lenzi ina wake, na kwenye boksi umeandikwa BC, yangu ikiwa 8.8. Kumbe jicho langu lilitaka 8.4. Karibu nao huandikwa DIA, upana wa lenzi, mara nyingi 14 na kitu. Muuzaji hakuniuliza hata kimoja, wala mimi sikujua kama kuna la kuulizwa.

Boksi lililofunguliwa halirudishwi. Shilingi 10,200.

Nakiri kwamba kabla ya kuzitupa nilifikiri kumuuzia binamu yangu.

## Karatasi

Nikaenda Mombasa. Mashua, basi, chai ya Malindi, usiku mmoja kwa khalati, dada wa mama. Mpimaji akaniwekea lenzi za majaribio, akanikalisha nusu saa, akatazama kwa darubini yake jinsi zinavyosogea ninapopepesa. Lenzi isiyosogea kabisa ni mbaya, isiyotulia ni mbaya. Nikarudi na zile za majaribio nizivae wiki nzima kabla ya kununua chochote. Hazikuniongezea hata shilingi.

Kitu kilichoniokolea pesa kuliko vyote kilikuwa karatasi. Nilipoagana naye nilimwomba aniandikie kila kitu: nguvu ya kila jicho, mkunjo, upana, jina la lenzi. Alisita kidogo, kisha akaandika. Marekani sheria inamlazimu mpimaji, tangu 2004, ampe mtu karatasi hiyo hata bila kuombwa, ili akanunue anakotaka. Huku mimi niliomba kwa mdomo wangu, na sijutii.

Kwa karatasi ile nilikaa barazani, nikapigia maduka matatu simu. Bei za kitu kilekile zilipishana kwa zaidi ya shilingi elfu. Duka moja likanitajia lenzi yenye jina la duka lenyewe, rahisi zaidi. Nikadhani ni feki. Nilipomuuliza mpimaji wangu alicheka: maduka mengine huagiza lenzi kutoka kwa kiwanda kilekile kinachotengeneza zile za jina kubwa, yakabandika jina lao. Linganisha jina la malighafi na namba zilizo ubavuni mwa boksi, akasema, ila uniulize kabla hujabadilisha. Si kila boksi la bei rahisi ni ndugu wa lile ghali.

## Siku ishirini na tatu

Hapa ndipo penye aibu yangu.

Lenzi za mwezi. Nikizivaa siku za harusi tu, basi mwezi wa siku 30 unanifikisha wapi? Nilichora vijistari nyuma ya daftari langu la hina, kimoja kwa kila siku niliyovaa. Tangu Mfunguo Mosi hadi usiku ule wa Mkomani vilikuwa vijistari 23. Miezi mitatu na siku zake. Kwa hesabu yangu, nilikuwa bado na siku saba za halali.

Nilipenda hesabu ile. Ilinifanya nijione mwerevu kuliko kiwanda.

Siku ya tatu baada ya harusi jicho la kulia liliamka jekundu. Mchana likawa halitaki mwanga; nikafunga madirisha, nikakaa gizani kama mtu wa eda. Mama alisema, "Ito hilo si la mchanga." Akataka kuniwekea maji ya waridi. Nashukuru nilikataa, jambo ambalo huwa silifanyi.

Daktari alinitia tone la rangi ya machungwa, akazima taa, akanimulika mwanga wa buluu. Palipochubuka huwa panang'aa kijani. Pangu palikuwa padogo kama punje ya mtama. Akaniambia nina bahati hakikuwa kidonda, akanipa dawa ya matone, akanikataza lenzi wiki mbili. Kisha akauliza lenzi ina muda gani. Nikamjibu kwa fahari, siku ishirini na tatu.

"Kifuko chake ulikichana lini?"

Nikamwambia.

Akanyamaza kwanza. Ndipo akanieleza kwamba mwezi wa lenzi huanza siku kifuko chake kinapochanwa, na hauulizi ulikwenda harusi ngapi. Ikiwa jichoni au ikiwa kikoponi, inazeeka. Mafuta na protini za machozi zimeshaigandia, na kikopo nacho huota utando ambao vijidudu hukaa ndani yake kama kome kwenye mwamba. Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hewa yake inaitoa nje, kupitia machozi. Funika kitu hicho kwa lenzi chakavu, ukihesabu vijistari.

Nikitoka pale nilipiga jumla. Daktari, dawa, harusi mbili nilizozikosa. Sitaandika jumla yenyewe. Mama husoma humu.

## Mtu wa baiskeli

Niruhusuni nichepuke. Wakati wa wiki zile mbili gizani nilisoma habari za Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia. Mwishoni mwa 1961, nyumbani kwake, alitengeneza lenzi laini kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa ujenzi wa watoto, ikizungushwa na dainamo ya baiskeli. Haki za uvumbuzi wake ziliuzwa Marekani na wakubwa wake. Mwenyewe aliambulia kidogo mno.

Mtu wa kubana matumizi kweli. Ila yeye alibana kwenye mashine. Mimi nilibana kwenye jicho.

## Daftari

Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika bei nilizotajiwa mimi, si za mtu mwingine.

Lenzi za mwezi: boksi la 6 kwa 5,100, yaani 850 kila moja. Mato mawili, 1,700 kwa mwezi. Dawa ya kuoshea, chupa 1,900, na kikopo kipya kimo ndani. Chupa hiyo ikishafunguliwa ina miezi mitatu, imekwisha haijakwisha humwagwa. Kwa mwezi ni kama 633. Jumla 2,333, uvae siku moja au uvae zote.

Lenzi za siku moja: boksi la 30 kwa 3,900, yaani 130 kila moja, 260 kwa mato mawili. Hazina dawa, hazina kikopo. Unavaa asubuhi, usiku unatupa.

Siku zote nilikuwa nikiziita za matajiri.

Nikagawa 2,333 kwa 260. Jibu ni karibu 9.

Nilirudia mara tatu, mara ya tatu kwa kikokotoo cha simu kwa sababu sikujiamini. Maana yake ni kwamba anayevaa chini ya siku tisa kwa mwezi, zile za matajiri ndizo rahisi kwake. Vijistari vyangu 23 kwa miezi mitatu na kitu haviwi hata vinane kwa mwezi. Nilikuwa nimechubua jicho langu kwa kung'ang'ania lenzi ambazo, kumbe, zikivaliwa kwa halali hazikuwa hata rahisi kwangu.

Binti wa khalati yangu, karani Malindi, huvaa kila siku. Kwake hesabu inageuka: za siku moja zingemla 7,800 kwa mwezi. Za mwezi, hata akimaliza chupa ya dawa kila miezi miwili, ni 2,650. Yeye abaki na zake, azitupe tarehe ikifika. Kwa hiyo ukiniuliza lenzi ipi ni rahisi, nitakuuliza kwanza una shughuli ngapi.

Tatizo likabaki moja, na halimo kwenye kugawanya. Maboksi mawili ya siku moja ni 7,800 taslimu, siku moja. Zinanitosha miezi minne na zaidi, lakini muuzaji hapokei kwa miezi. Maskini hununua kidogo kidogo na kwa hiyo hununua ghali; hilo nililijua kwa sukari na mafuta ya taa, sikulijua kwa macho. Nilingoja zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa. Wenzangu walinunua vyombo. Mimi niliposema nimenunua lenzi za kutupa, mmoja aliniombea dua.

Sijaagiza za mwaka mzima ingawa bei ingeshuka. Namba yangu ya kushoto imesogea mara mbili tangu nianze kuvaa miwani.

## Plasta ya shilingi mia

Kuna jambo sikupenda kuliandika. Yule mpimaji, aliposikia habari za ukungu, aliniambia nibandike plasta ya karatasi, ile ya hospitali, kati ya ukingo wa kitambaa na pua, ili pumzi isipande. Shilingi 100 dukani. Niliona ananidharau.

Nimeijaribu. Inafanya kazi.

Si kila siku, na jasho huibandua. Lakini kwa kwenda sokoni na kurudi, inatosha. Kwa hiyo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: nilitaka lenzi za nini? Baadhi ya siku zile 23 hazikuwa za hina. Zilikuwa za kwenda tu, za kuonekana bila miwani, na hilo si dhambi, ila lina bei. Siku za hina zenyewe ni tano au sita kwa mwezi. Zilizobaki navaa miwani yangu na plasta yangu, na punda nawatambua.

## Maji

Mwanamke asiyeuliza bei huuliza udhu. Basi: maji ya udhu ni ya uso wa nje. Funga macho barabara, kausha uso kabla ya kuyafumbua. Mimi, kwa shughuli za usiku, hutawadha kwanza ndipo nikavaa.

Lakini maji ya bomba, ya kisima, ya jabia, ya chupa, yote yasiiguse lenzi. Maji safi kwa kunywa si safi kwa lenzi. Humo huweza kuwamo kijidudu kiitwacho akanthamoeba, ambacho tumboni hakina habari nasi, ila kikinaswa chini ya lenzi hula konea, na kukitibu huchukua miezi. Baharini vilevile. Tumezoea kusema bahari ni dawa. Ukienda kuoga Shela, itoe kwanza.

Na hapa pia nilijidai kuokoa. Kabla ya kuchubuka nilikuwa nikinunua chupa ya maji ya chumvi ya duka la dawa, rahisi mara tatu kuliko dawa yenyewe. Yanaonekana sawa. Huosha tu, hayaui kitu. Tena nilikuwa siyamwagi, nikiyaongezea yaliyopungua kikoponi, kama mtu anavyoongeza maji kwenye birika la chai.

## Shela, baada ya isha

Nilikutana naye tena, binti mpambaji. Shela, harusi ndogo. Nilikuwa nimekuja na miwani makusudi.

"Dada, leo umezeeka," akasema.

Nikamsimulia. Sikuanza na kikopo chake. Nilianza na jicho langu, tone la machungwa, taa ya buluu. Vijistari vyangu. Alisikiliza huku akisafisha brashi. Nilipofika kwenye maji ya kunywa brashi ikasimama.

Yeye naye ana daftari. Lenzi zake za kijivu alinunua 2,500, zimeandikwa mwaka mmoja. Bibi harusi hulipa 1,000 kwa macho. Harusi tatu na zimeshamrudishia, zilizobaki ni faida. "Kwa hiyo nipate hasara mimi?" akaniuliza, na hakuwa akinifanyia jeuri. Hiyo ni kodi yake ya nyumba.

Nilimwambia kuna za rangi za siku moja. Kila bibi harusi na zake, zinachanwa mbele yake, zinatupwa usiku uleule, bei anabeba yeye kama anavyobeba kope za kubandika. Nikamwambia pia kwamba hata zisizo na namba zinataka jicho lililopimwa, maana mkunjo haujali kama ni urembo. Marekani tangu 2005 hata za urembo zimehesabiwa kifaa cha tiba. Akaniambia bibi harusi wa Amu hatakwenda Mombasa kupimwa mkunjo kwa ajili ya usiku mmoja. Hapo sikuwa na jibu. Nilisema basi abaki na mato yake meusi, Mungu hakukosea. Akatabasamu kwa namna ya mtu ambaye hatafuata.

"Na hizi nizitupe?"

"Kwangu mimi, ndiyo."

Akakitazama kikopo, akakirudisha mkobani.

Ijumaa iliyopita ujumbe ukaingia, saa sita usiku. Picha: vifuko viwili vidogo vilivyofungwa, juu ya meza yenye poda. *Dada, tarehe hii ni ya kabla ya kuchana au baada?*

Kabla, nikamwandikia. Ukishachana ni usiku huo tu.

Akakaa kimya muda, nikadhani amelala. Kisha: *Na hina ya miguu mpaka magotini, kwa mpambaji mwenzio, ni ngapi?*